Sura ya Nne: Kadi ya Wagonjwa

Jalada lilikuwa na karatasi tatu. Sajini Dafrosa alizisoma akiwa amesimama, akazigeuza kuona kama kuna kitu kimeandikwa nyuma, halafu akalibwaga jalada juu ya meza ya Mkaguzi Eustace mpaka chai ikaruka kikombeni.

"Afande, kwa hizi tatu ndiyo mnataka kumfunga mtu?"

"Dafrosa, meza haijakukosea."

"Mtoto amekufa! Mama yake yuko wodini. Mtu mzima leo siku ya tatu yuko mahabusu, na mmeandika karatasi tatu! Akiibwa mbuzi kijijini Choma tunajaza daftari zima."

Eustace alitoa leso akafuta chai taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kesi ziishe mapema, kama mtu anayependa chakula kisichohitaji kutafunwa.

"Amekiri mwenyewe. Soma hapo chini."

"Nimesoma. 'Niliondoka na chaji pungufu.' Halafu nukta. Hii nukta kaiweka nani, Uwesu au konstebo aliyekuwa anawahi chakula?"

"Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu. Nakupa mpaka saa sita. Ukirudi mikono mitupu, jalada linakwenda hivyo hivyo lilivyo."

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa mbili na robo asubuhi.

Habari yenyewe Tabora nzima ilikuwa inaijua. Uwesu alikuwa dereva wa bajaji ya wagonjwa, ile ya umeme, iliyonunuliwa kwa michango ya watu wa Ng'ambo na vijiji vya barabara ya Kwihara, barabara ile ile waliyopita wapagazi zamani na mizigo vichwani kwenda pwani. Jumanne alfajiri alikwenda Kwihara kumchukua Magreth, mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu ukaja na damu. Wakati wa kurudi bajaji ikazima mchangani, lami ikiwa bado mbali. Walipofika hospitali, kichanga hakikulia. Kabla jua halijawaka vizuri, Bwana Bernardo, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kuchajia cha Ng'ambo, alikuwa ameshaleta barua polisi: dereva alizembea kuchaji, achukuliwe hatua kali, iwe fundisho kwa wengine.

Bernardo mwenyewe alikuwa uani pale polisi, anashuka kwenye gari lake jeupe la umeme. Alikuwa na fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee," alisema Dafrosa.

"Marahaba, Sajini. Nimekuja kujua kama yule mtu anapelekwa leo. Mgongo umenilaza nyumbani tangu Jumatatu, ukiacha kuleta ile barua sijatoka hata kwenda kanisani, lakini hili nimesema lazima nijikokote."

"Pole sana."

"Nishapoa. Fundisho, Sajini! Watu wachange, halafu mtu mmoja aone uvivu kuchomeka waya?"

Dafrosa aliitika kwa kichwa. Kwenye kioo cha pembeni cha gari kulikuwa kumebaki kipande cha utepe wa rangi ya waridi, kimefungwa fundo gumu, kama mtu alijaribu kukifungua akashindwa, akakata kilichobaki kwa meno. Aliutazama, akapita.

Mahabusu, Uwesu alikuwa amekaa sakafuni miguu peku. Nyayo zilikuwa zimechubuka, na damu ilikuwa imekauka katikati ya vidole.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Nieleze upya, na usiruke kitu hata ukikiona kidogo."

"Jumatatu niliingia kituoni saa mbili kamili usiku. Adhana ya isha ndiyo inaanza. Chaji ilikuwa tisa kwa mia, maana kutwa nimezunguka. Nikachomeka plagi ya tatu, nikaitia kadi nyekundu kwenye kitundu chake, taa ikawaka kijani imetulia. Nikaenda kuswali, nikapitiliza nyumbani."

"Kadi nyekundu ni ipi?"

"Ya wagonjwa. Iko moja tu kituo kizima. Ukiitia kwenye plagi yako, mashine inakupa wewe kwanza, wengine wote wanasubiri. Tulikubaliana kwenye mkutano wa kata, mbele ya watu."

"Uliiambia mashine utaondoka saa ngapi?"

"Kadi nyekundu haiulizwi saa, afande. Mgonjwa ana saa?"

"Endelea."

"Saa tisa na nusu simu ikalia. Mume wa Magreth, analia kama mtoto. Nikakimbia kituoni. Taa inakonyeza, kadi haipo, chaji kumi na mbili. Nikamwita Nurdini, anakoroma. Nikampigia mwenye bajaji ya mafuta, hapokei. Wa pili akasema yuko Nzega. Kwenda na kurudi nikaona labda itafika." "Wewe ungefanyaje?"

Dafrosa alifungua daftari. "Haya ya kadi ulimwambia aliyekuandika maelezo?"

"Nilimwambia. Akasema habari za taa na kadi ni za mafundi, yeye anataka neno moja, chaji ilikuwepo au haikuwepo."

Hospitali ilikuwa njiani, akaingia. Magreth alikuwa amelala ameelekea ukutani, amejifunika khanga mpaka mabegani. Alijibu bila kugeuka.

"Alinibeba mgongoni. Viatu alivitupa ili akimbie mchangani. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, ananiambia nihesabu naye nisije nikalala. Tulifika mia tisa na kitu." Hapo ndipo akageuka. "Ni kweli mmemfunga yeye? Yeye? Mmekosa mwingine wa kumfunga?"

Sajini Dafrosa alitoka wodini anatembea kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana.

Kituo cha kuchajia kiko Ng'ambo, katikati ya banda la mchomelea vyuma na duka la samaki la Recheli. Mbele kina plagi sita za bajaji na pikipiki, zimepangwa ukutani kama mabomba ya maji shuleni. Nyuma ya ukuta, upande usioonekana barabarani, iko plagi ya saba yenye waya mnene kama mkono wa mtoto. Kielelezo chenyewe cha kesi, yaani bajaji ya wagonjwa, Dafrosa aliagiza kivutwe na gari la polisi kutoka uani kwao. Betri ilisoma sifuri. Aliichomeka plagi ya tatu ile ile, akamwita Nurdini, mhudumu wa kituo, aliyekuwa anafagia mahali palipokwisha fagiwa.

"Shikamoo afande. Ile habari mimi nilishasema. Mashine hii ina akili yake, inaamua yenyewe. Kazi yangu mimi ni ufagio."

"Akili yake ikoje? Nifundishe, mwanangu. Mimi niliishia la saba."

Nurdini akaegemea ufagio. Kufundisha alikupenda, ilionekana.

"Waya unaoingia hapa hautoshi plagi zote kula kwa pamoja. Tena kuanzia magharibi mpaka saa tano usiku mtaa mzima unapika, unapiga pasi, unaangalia tamthilia. Tukivuta kwa nguvu saa hizo, transfoma inazima, Ng'ambo yote giza. Sasa mashine inausikilizia mtaa. Mtaa ukilemewa, inapunguza. Mtaa ukilala, inavuta."

"Na anayetangulia ni nani?"

"Kila dereva akichomeka anaandika pale kwenye kioo: naondoka saa fulani. Mashine inaangalia betri yake imebakiza nini, inapiga hesabu. Huyu anaondoka mapema na ana njaa, aanze. Yule bado ana nusu na anaondoka jua limepanda, asubiri. Anayesubiri taa inakonyeza, zamu yake ikifika taa inatulia. Asubuhi wote wameshiba, na mtaa haukujua kama sisi tupo."

"Na asiyeandika saa?"

"Huyo anaonekana hana haraka. Anawekwa mwisho kabisa, baada ya saa kumi na moja alfajiri huko."

"Kitendawili," alisema Dafrosa.

Nurdini alicheka, hakutegemea. "Tega."

"Mama ana jiko moja na sufuria saba. Watoto wote wanasafiri, kila mmoja na saa yake, na hakuna aliyeondoka na njaa."

"Aa, hiyo rahisi! Ndiyo mashine hiyo hiyo."

"Umejibu vizuri. Sasa niambie, sufuria ya Uwesu aliiteremsha nani jikoni?"

Kicheko kikaishia pale. Nurdini akaanza tena kufagia.

"Umeme ulikatika, afande. Usiku ule mtaa mzima. Mimi niliingia zamu saa tatu nikakuta giza, ukarudi karibu na alfajiri. Sasa hapo nani wa kulaumiwa?"

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

"Haya. Hiyo bajaji iandikie inaondoka saa sita mchana, na usiichomoe. Ikifika tisa kwa mia uniite."

Duka la Recheli linapakana na kituo, ukuta kwa ukuta, laini moja ya umeme. Recheli alikuwa mama wa makamo, mwenye aproni ya plastiki na magamba ya sato mpaka kwenye nyusi. Walisalimiana mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, wakaulizana wajukuu, kisha Dafrosa akaingia kwenye lililomleta.

"Jumatatu usiku kuamkia Jumanne, umeme ulikatika hapa?"

"Haukukatika."

"Ulikuwa macho?"

"Mimi nilale dukani na samaki? Nilikuwa kwangu. Lakini mlinzi wangu alikuwepo." Recheli akafungua friza, akatoa kikombe cha bati kilichojaa barafu. Juu ya barafu ilikuwa imelala sarafu ya shilingi mia mbili. "Huyu hapa. Samaki akiyeyuka usiku akaganda tena asubuhi, kwa macho humjui, utamjua tumbo likishakuuma. Ndiyo nikaweka hii. Umeme ukikatika muda mrefu, barafu inakuwa maji, sarafu inazama. Ukirudi inagandia chini. Asubuhi nikifungua, kitu cha kwanza naitafuta sarafu iko wapi."

"Na Jumanne?"

"Juu, kavu, kama ulivyoiona sasa."

"Hukuchanganya siku?"

Recheli akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Siku aliyokufa kichanga cha Magreth? Nilikuwa nimeshika kikombe hiki hiki waliponiletea habari. Mpaka ninakufa sitachanganya."

Dafrosa aliandika. "Nurdini anasema aliingia zamu saa tatu."

"Saa tatu ya wapi? Saa mbili kasoro alikuwa hapa, kanunua sato wa kukaanga, kaniomba na limau bure. Akakaa pale pale kwenye kiti chake akala mpaka mifupa. Nafunga duka saa mbili na nusu, namwacha anachokonoa meno."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasema mbele ya yeyote. Na limau nitalidai."

Bajaji ilikuwa imefika tisa. Dafrosa aliwaita madereva watatu waliokuwa wanapiga soga barazani, akawaambia leo wao ni mashahidi, waangalie na wasizungumze mpaka waulizwe. Mmoja akauliza kama kuna posho. Mwenzake akampiga kofi la kisogoni.

"Nurdini, andika kwenye kioo hiyo bajaji inaondoka sasa hivi, ipewe nguvu yote."

Nurdini akaandika. Taa ikatulia kijani. Dafrosa akavua saa ya mkononi, akaishika kiganjani. Watu wakaanza kusogea kutoka banda la mchomelea vyuma. Hata yeye mwenyewe mchomeleaji alikuja na miwani yake myeusi usoni. Tisa ikawa kumi. Kumi ikawa kumi na moja. Ilipogonga kumi na mbili, Dafrosa akasema, "Chomoa," na kuwaonyesha mashahidi saa.

"Dakika ngapi?"

"Tano," walisema wote watatu.

"Uwesu aliichomeka hapa saa mbili kamili ikiwa tisa. Alfajiri aliikuta kumi na mbili. Kwa hiyo usiku kucha, watu wazima, bajaji ya wagonjwa ilikula dakika tano tu. Saa mbili na dakika tano mtu aliinyang'anya kijiko. Wakati huo, Nurdini, wewe ulikuwa kwenye kiti hicho unakula sato wa limau."

Nurdini akafungua mdomo.

"Ngoja kwanza, sijamaliza. Ichomeke tena, usiandike saa."

Ikachomekwa. Bajaji tatu nyingine zilikuwa kwenye plagi, zote zimeandika saa zao. Taa ya bajaji ya wagonjwa ikaanza kukonyeza, ikakonyeza, haikutulia.

"Mnaiona? Haina kosa mashine. Imeambiwa hana haraka, ikaamini. Sasa lete kadi nyekundu."

Kadi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi. Dafrosa aliipokea kwa ncha za vidole, akaitia mwenyewe kwenye kitundu cha plagi ya tatu. Kioo kikawaka, maneno yakajitokeza makubwa, na dereva aliyeuliza posho akayasoma kwa sauti bila kuambiwa:

"Kadi ya dharura imehamishwa kutoka plagi namba saba. Thibitisha."

Hakuna aliyesogea. Mchomeleaji alipandisha miwani yake kwenye paji la uso.

"Namba saba," alisema Dafrosa. "Tangu Jumanne bajaji hii iko uani kwetu, kadi haikuwa na wa kuitumia. Basi mara ya mwisho kadi ya wagonjwa ilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye ule waya mnene. Waya ule unaingia kwenye bajaji?"

"Hauingii," alisema dereva.

"Kwenye pikipiki?"

"Thubutu! Ule ni wa gari."

"Na gari la umeme Ng'ambo hii analo nani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka jina, ila mmoja alitema mate pembeni, na hiyo ikatosha.

Dafrosa alimshika Nurdini bega akamwingiza ofisini, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo Nurdini alipouweka ufagio chini.

"Uwesu ana miguu imechubuka mpaka nyama inaonekana. Ulijua yuko mahabusu?"

"Nilijua."

"Ukalala?"

"Afande, mimi ni mtu wa kuajiriwa. Mwenyekiti alipiga simu, akaniambia anasafiri alfajiri kwenda Igunga, mpwa wake anaolewa, gari lake, lililokuwa limeshachomekwa namba saba, ndilo la kumbeba bibi harusi. Alisema wageni wa Igunga hawajawahi kuona gari linakwenda kimya. Nikamwambia jioni mtaa umelemewa, mashine inatoa kidogo, mpaka alfajiri gari halitajaa. Akaniambia, kadi nyekundu si iko hapo? Niazime."

"Kadi ya wagonjwa inaazimwa?"

"Nilimwambia iko kwenye bajaji ya Uwesu. Akasema Jumatatu watu hawaugui."

Dafrosa alirudia maneno hayo polepole, neno kwa neno, huku akiyaandika. "Jumatatu... watu... hawaugui."

"Nilitaka kuirudisha usiku huo huo! Nilisema gari likishiba nitairudisha kwa Uwesu. Usingizi ukanichukua. Na kuandika saa kwenye ile bajaji nilisahau, nikaona kadi itarudi tu. Nilipozinduka gari halipo, bajaji haipo. Ilipokuja habari kwamba bajaji imezima, nikampigia mwenyekiti. Mwenyekiti akaniambia, sema umeme ulikatika. Na wakibisha, sema mashine iliamua."

"Weka sahihi hapa. Jina lote."

Aliandika jina lote.

Saa sita kasoro dakika tano Dafrosa alirudi kituo cha polisi. Bernardo alikuwa ofisini kwa Mkaguzi Eustace, kikombe cha chai mkononi, fimbo imeegeshwa kwenye meza. Alimkaribisha Dafrosa kana kwamba ofisi ni yake.

"Karibu Sajini. Tumemaliza?"

"Tunakaribia, mzee. Mgongo unaendeleaje?"

"Unauma, unauma. Tangu Jumatatu, ukiacha kuja hapa, sijavuka hata daraja."

"Na gari nalo limelala?"

"Limelala nyumbani kama mimi, mpaka leo."

Dafrosa akaliweka jalada mbele ya Eustace. Lilikuwa limenenepa. Eustace akalipima kwa mkono kabla ya kulifungua, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma chai yake ikawa inapoa.

"Afande," alisema Dafrosa, "umri wetu huu tunapenda mambo ya zamani. Niruhusu nimtegee mzee kitendawili. Kitendawili, mzee."

Bernardo akatabasamu. Mtoto wa Tabora huwezi kumwambia kitendawili akakataa. "Tega."

"Nilikula chakula cha mgonjwa mgonjwa akiwa bado njiani. Kisha nikamshtaki aliyembeba."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni, halina kazi.

"Sijui," alisema Bernardo. "Vitendawili vya siku hizi vigumu."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Ilikuwa desturi, hata watoto wanaijua: ukishindwa unatoa mji, mwenye kitendawili anautembelea kwa maneno, halafu ndipo anatoa jibu. Bernardo akazungusha kikombe. Miji ilikuwa mingi. Angeweza kusema Mwanza, angeweza kusema Kigoma.

"Chukua... chukua Dodoma."

"Dodoma siutaki. Nipe Igunga."

Eustace akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Igunga nilikwenda," alisema Dafrosa, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, "nilikwenda Igunga Jumanne alfajiri kwa gari jeupe lisilo na mlio. Nilipokelewa kwa vigelegele. Nilimbeba bibi harusi, nikafungiwa utepe wa waridi kwenye kioo, nikala wali wa Igunga mpaka nikalegeza mkanda. Niliporudi nikajaribu kuufungua ule utepe ukanishinda. Uko hapo uani, mzee. Twende tukauangalie, au mgongo hautakuruhusu?"

"Sajini, mashine ile ndiyo inayogawa umeme, mimi sijui..."

"Mashine!" Dafrosa akapiga meza, na safari hii Eustace hakumkataza. "Mashine haina mpwa, mzee Bernardo! Mashine haijaalikwa harusi! Ile mashine watu waliifundisha kugawa kwa haki, na waliifundisha mgonjwa atangulie, ikakubali bila kubisha. Wewe ndiye uliyekuwa unafundishika kidogo kuliko mashine! Umechukua kadi ya wagonjwa ili gari liwe kimya mbele ya wageni, na Magreth akabebwa mgongoni kwenye mchanga, hatua mia tisa, mtu anahesabu kwa sauti asife! Na jua halijawaka, kabla hujaondoka kwenda kucheza ngoma, umepita hapa kuleta barua ya kumfunga aliyembeba. Barua uliiandika saa ngapi? Ulipata wapi habari mapema hivyo, kama ulikuwa umelala na mgongo?"

Bernardo alitazama fimbo yake. Eustace naye alikuwa anaitazama barua, sehemu ya juu, mahali alipogonga muhuri wa kupokelewa yeye mwenyewe: Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Alikuwa ameugonga bila kuuliza lolote.

"Simu ya Nurdini," alisema Bernardo mwishowe. "Alinipigia nikiwa barabarani, akasema bajaji imezima. Nikarudi."

"Ukarudi kumsaidia nani?"

Bernardo akaishika fimbo.

"Ukarudi kuleta barua, halafu ukaenda harusini," alisema Eustace. Ilikuwa mara ya kwanza anasema kitu. Alichukua fomu ya mahakamani, akaivuta kwake, akalikata jina la Uwesu kwa mstari mmoja mnyoofu, kisha akaichana nzima kwa sababu mstari ulionekana mdogo. Akatoa fomu nyingine kwenye droo. "Jina lako kamili, Bwana Bernardo. Na hiyo fimbo iache hapo, mahabusu haiingii."

"Mkaguzi, tunafahamiana miaka mingi."

"Ndiyo maana ninaandika kwa herufi kubwa."

Uwesu alifunguliwa saa saba kasoro. Alitoka akipepesa macho juani, miguu peku, na Dafrosa alikuwa anamsubiri mlangoni na ndala mpya za Ng'ambo, za buluu, bado zimeunganishwa kwa uzi. Uwesu alizipokea, hakuzivaa. Alitazama uani, huku na huku, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

"Bajaji iko wapi?"

"Kituoni, plagi ya tatu."

"Na kadi?"

"Kadi iko kwenye kitundu chake. Recheli amekaa mbele yake na kisu cha samaki, hataki mtu asogee."

Uwesu akaukata uzi wa ndala kwa meno, akavaa mguu mmoja, akasita kwa maumivu, akavaa wa pili. Simu yake, waliyomrudishia muda huo huo na mkanda na funguo, ilikuwa na chaji kidogo. Ikalia. Alisikiliza, akauliza swali moja, "Chupa ya uzazi imeshapasuka?", na hakusubiri kumuaga mtu.

"Wapi?" Dafrosa alimwita.

"Itetemia!" alijibu akiwa tayari anakimbia na ndala zake mpya kuelekea Ng'ambo. "Imefika ngapi, afande?"

Dafrosa akampigia Recheli. Akasikiliza, kisha akaweka mikono mdomoni kama baragumu na kupiga kelele mpaka askari wa zamu akatoka nje:

"Imejaa, Uwesu! Imejaa!"